Mahindi Yakikauka: Uzazi wa Mpango Wakati wa Hali Ngumu

Wanauchumi wa Ulaya na Marekani wamezoea kanuni moja: ajira zikipungua, watoto nao hupungua. Marekani ilikuwa na wastani wa watoto 2.1 kwa kila mwanamke mwaka 2007, kabla ya msukosuko wa mabenki. Kufikia 2011 wastani huo ulishuka hadi 1.9. Katika kata ya Tumati, wilayani Mbulu, ambako riziki hutoka kwenye mahindi, maharage na mifugo, mdororo wa uchumi haubishi hodi kwa barua ya kuachishwa kazi. Huja na mvua iliyokatika mapema, na bei ya vitunguu swaumu iliyoanguka wakati wa kuuza, au na mbolea iliyopanda bei kwa sababu ya vita vya mbali, kama ilivyokuwa mwaka 2022. Je, kwa mkulima wa namna hii kanuni ileile inafanya kazi?

Inafanya kazi nusu tu.

Ushahidi mzuri kuliko wote nchini Tanzania unatoka Kagera. Kati ya 1991 na 1994 kaya za mkoa huo zilihojiwa mara kwa mara, na takwimu hizo zikaja kuchambuliwa na Shamma Alam na Claus Pörtner, ambao makala yao ilichapishwa mwaka 2018. Waligundua kwamba kaya iliyopoteza mazao iliongeza matumizi ya njia za kuzuia mimba, za asili na za kisasa, na uwezekano wa mwanamke kushika mimba ukapungua. Kadiri kaya ilivyokuwa maskini, ndivyo mwitikio ulivyokuwa mkubwa. Matokeo hayo yanapaswa kuwanyamazisha wanaodhani kwamba mwanakijiji huzaa bila hesabu. Anahesabu, tena kwa makini kuliko mwenye mshahara, maana hana akiba ya kumfichia makosa.

Hata hivyo, kuahirisha mtoto si kumkataa. Mavuno yakirudi, mtoto aliyesubirishwa huja. Mshtuko wa msimu mmoja hubadili tarehe ya kuzaliwa. Idadi ya watoto katika familia hubadilishwa na mambo mengine yanayokwenda polepole, kwanza ardhi. Wairaqw, kabila kubwa la Mbulu, walitoka Irqwar Da'aw, kule Kainam, wakasambaa katika karne ya 20 hadi uwanda wa Mbulu, Karatu na Hanang. Maadamu palikuwa na pahali pa kuhamia, mtoto wa sita alikuwa mkono wa kulima, na shamba lake lingepatikana mbele ya safari. Upande wa Hanang, wafugaji wa Kibarabaig walipoteza makumi ya maelfu ya ekari za malisho ya Basotu kwa mashamba ya ngano ya NAFCO, shirika la umma la kilimo, yaliyosaidiwa na Kanada. Leo mkoa wa Manyara, uliozibeba Mbulu na Hanang, una watu karibu milioni 1.9 kwa sensa ya 2022, na shamba la babu linagawanywa kwa wajukuu. Hilo ni shinikizo la kudumu, na halina budi kutofautishwa na njaa ya mwaka mmoja. Vifo vya watoto navyo vimepungua: nchini kote, watoto 147 kati ya kila 1,000 walikufa kabla ya miaka mitano kwa takwimu za 1999, na 43 kwa takwimu za 2022. Mzazi hazai tena wa akiba.

Dhiki peke yake ingekuwa inapunguza uzazi, Tanzania ya miaka ya 1980 ingeongoza. Vita vya Kagera dhidi ya Uganda vilikuwa vimemaliza hazina, sabuni na sukari vikaadimika madukani, na mwaka 1986 nchi ikakubali masharti ya Shirika la Fedha la Kimataifa. Lakini utafiti wa kitaifa wa 1991-92 ulikuta wastani wa watoto 6.2 kwa mwanamke, na ni asilimia 7 tu ya wanawake walio katika ndoa waliotumia njia ya kisasa. Sababu za kusubiri zilikuwa tele; kilichokosekana ni huduma. UMATI, chama cha uzazi wa mpango, ilikuwapo tangu 1959, ila mpango wa taifa ulianza mwaka 1989, sera ya idadi ya watu ikafuata mwaka 1992, na mwaka 1993 Radio Tanzania ikaanza kurusha Twende na Wakati, mchezo wa kuhamasisha uzazi wa mpango. Kufikia 2004-05 watumiaji walikuwa asilimia 20.

Kuna pia njia ya kinyume, ambayo watunga sera huisahau. Utafiti wa Lucia Corno na wenzake, uliochapishwa mwaka 2020, ulionyesha kwamba ukame Kusini mwa Sahara huongeza ndoa za utotoni kwa sababu mahari huingia nyumbani kwa binti. Hivyo ukame uleule unaomfanya mama asubiri unaweza kumharakisha bintiye.

Sasa tazama njia zenyewe. Huduma katika vituo vya serikali ni bure, nauli siyo. Sindano inataka safari kila miezi mitatu. Kijiti hukaa miaka mitatu au zaidi, kitanzi hukaa hata kumi. Kwa mwanamke wa kijiji cha mbali na kituo, mwaka wa mavuno mabaya, nauli ya bodaboda hushindana na debe la mahindi. Kwa hiyo anayetegemea sindano hupoteza kinga katika miezi ileile anayoihitaji zaidi. Aliyewekewa kijiti mwaka wa neema huvuka. Kliniki za mkoba, ambazo Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, iliyofunguliwa mwaka 1955, imekuwa ikizipeleka vijijini kwa miaka mingi, huiondoa gharama hiyo ya nauli, na kwa hesabu ya uchumi zina uzito mkubwa kuliko mahubiri yoyote ya kuhamasisha.

Lakini ugavi nao una midororo yake, na haufuati mvua za Mbulu. Mwaka 2018 Rais John Magufuli aliwaita watumiaji wa uzazi wa mpango wavivu, na matangazo yaliyofadhiliwa na Marekani yakasimamishwa. Matumizi ya njia za kisasa, asilimia 32 mwaka 2015-16, yalikuwa 31 mwaka 2022. Kisha mwaka 2025 Marekani ikafunga mfuko wa misaada. Bidhaa za uzazi wa mpango zenye thamani ya dola milioni 9.7 zikakwama ghalani Geel, Ubelgiji, nyingine zikiwa zimepangiwa Tanzania. Vijiti vya miaka mitatu vilivyowekwa mwaka 2022 vilitakiwa kubadilishwa mwaka huohuo wa 2025.