Pistoni Sita za Datsun

Pistoni ya injini ya Nissan iitwayo L16 ina upana wa milimita 83, karibu sawa na mdomo wa kikombe cha chai cha mkahawani. Ndani ya silinda yake husafiri milimita 73.7 kutoka chini hadi juu. Piga hesabu ya ujazo, utapata silinda moja inameza sisi (sentimita za ujazo) 399 hivi. Na kwa kuwa silinda ni nne, jumla inakuwa sisi 1595. Injini hii ilikaa chini ya boneti ya Datsun 1600 SSS, gari la Nissan la milango minne ambalo baba wa watoto watatu angeweza kulinunua bila kuulizwa maswali na mkewe. Wakati wa Pasaka ya mwaka 1970, Edgar Herrmann, Mjerumani aliyekuwa akiishi Kenya, akiwa na msaidizi wake Hans Schüller, alishinda nalo mashindano ya Safari Rally.

Mwaka 1971 wawili hao walirudi na gari ambalo kwa macho halikuwa na undugu wowote na lile la kwanza: jekundu, boneti ndefu nyeusi, milango miwili, viti viwili, paa lililoteremka hadi mkiani. Magari ya umbo hili Wafaransa huyaita kwa neno ambalo likitamkwa Kiswahili linakuwa kupe, bahati mbaya ya lugha tu, ingawa kwa jinsi hili lilivyolala chini barabarani jina lisingelikosea sana. Lilikuwa Datsun 240Z. Herrmann na Schüller wakashinda tena, na nafasi ya pili ikachukuliwa na 240Z nyingine, ya Shekhar Mehta na Mike Doughty.

Sasa fungua boneti. Ndani kuna injini iitwayo L24. Upana wa pistoni ni milimita 83. Safari yake ni milimita 73.7. Ni vipimo vilevile, ila silinda zimeongezwa mbili na kupangwa zote sita katika mstari mmoja. Sisi 399 mara sita, unapata takriban 2393. Hiyo ndiyo 240 iliyoandikwa mkiani: lita 2.4. Mioyo ya magari mawili yaliyoshinda Safari mfululizo ilikuwa ya tumbo moja.

Ili kuelewa kwa nini Nissan walifanya hivyo, inabidi kumtazama mtu wao, Yutaka Katayama. Mwaka 1958 aliongoza timu ya Datsun katika mashindano ya kuizunguka Australia, na gari lake dogo likashinda katika daraja lake. Mwaka 1960 alipelekwa Marekani kuuza magari. Huko aliona kwamba vijana wengi walitamani gari la michezo lakini mifuko yao haikufika kwenye Jaguar, na tena kwamba anayelinunua la Kiingereza hujifunza ufundi asipende. Akawasumbua wakubwa wake Japani kwa miaka: nitengenezeeni gari zuri, lenye nguvu, la bei ya mtu wa kawaida, na lisilokufa njiani.

Umbo lilichorwa na kundi lililoongozwa na Yoshihiko Matsuo, na gari likazinduliwa Oktoba 1969. Nyumbani Japani liliitwa Fairlady Z. Katayama hakutaka hata kulisikia jina hilo. Hakuona Mmarekani wa kununua gari la mbio lenye jina la bibi mrembo. Akaamuru beji zibadilishwe, na mahali pake likawekwa jina kavu la kiwandani, 240Z. Bei ilianzia dola 3,526, wakati Jaguar E-Type iliuzwa kwa zaidi ya dola 5,000.

Nissan hawakukosa injini ya kifahari zaidi. Walikuwa nayo: S20, ya lita mbili, yenye valvu nne kwa kila silinda, kabureta tatu na kamshafti mbili. Kutokana na hesabu hiyo ya nne, tatu na mbili gari lililowekewa injini hiyo likaitwa Z432. Lilikuwa na nguvu za farasi 160, na likatengenezwa chini ya magari 500. Mpenzi wa magari akilisikia likinguruma hujikuta amesimama. Lakini injini ya namna hiyo inataka fundi mpole mwenye vipimo vya unywele, na Katayama alikuwa akiwauzia watu ambao fundi wao alikuwa chini ya mwembe, au tuseme chini ya mti wowote unaoota California.

L24 ilikuwa kinyume chake. Bloku ni ya chuma cha kumimina, hedi ya aluminiamu. Kamshafti ni moja, imekaa juu, inazungushwa kwa mnyororo, na kila silinda ina valvu mbili tu. Kabureta ni mbili, kila moja ikilisha silinda tatu. Krenki imeshikwa na beringi saba, yaani kila pistoni ina mhimili kushoto na kulia kwake, na hapa ndipo ilipo siri ya kudumu. Uzuri mwingine ni wa silinda sita zenyewe. Ya kwanza na ya sita hupanda pamoja, ya pili na ya tano pamoja, ya tatu na ya nne pamoja. Mtikisiko wa jozi moja unafutwa na wa jozi nyingine mbili. Injini inazunguka kama cherehani iliyotiwa mafuta. Kiwanda kiliitangazia nguvu za farasi 151 kwenye mizunguko 5,600 kwa dakika, chini ya zile za S20, lakini ndani ya gari lenye uzito wa zaidi kidogo ya tani moja zilitosha kulifikisha karibu kilomita 200 kwa saa. Magurudumu yote manne yalijitegemea kwa springi zake, kwa hiyo tairi moja likiingia shimoni halimvuti mwenzake. Breki za mbele zilikuwa za diski, za nyuma za ngoma.

Barabara za Safari hazikuwa uwanja wa mashindano. Zilibaki wazi kwa mabasi, malori na ng'ombe, na mvua za masika zilipozijaza udongo mweusi, mwendo wa kilomita 200 haukuwa na maana yoyote. Maana ilikuwa kufika kituo kinachofuata kabla dakika za adhabu hazijaanza kuhesabiwa.

Mwaka 1972 ushindi ulikwenda kwa Hannu Mikkola na Ford Escort. Mwaka huohuo Idi Amin aliwafukuza Waasia wa Uganda, na Mehta, aliyezaliwa huko, akahamia Kenya. Pasaka ya 1973 aliingia tena kwenye 240Z, safari hii akiwa na Lofty Drews. Kabla ya kuondoka kwake kwenye mchezo angeishinda Safari mara tano, lakini ushindi huu wa kwanza ndio uliokaribia zaidi kumponyoka. Magari yalipomaliza na adhabu kujumlishwa, Mehta na Msweden Harry Källström walikuwa sawasawa, dakika kwa dakika. Waamuzi wakarudi kwenye karatasi kutafuta nani alikwenda mbali zaidi kabla ya kupata adhabu yake ya kwanza, na jibu likawa Mehta. Källström alikuwa akiendesha Datsun 1800 SSS, gari la familia, silinda nne, injini ya ukoo uleule wa L.