Safu ya Lugha: Ilmenaiti

Aliyepaka nyumba yake ya Nanyamba rangi nyeupe huenda amepaka titani bila kujua. Weupe huo hutokana na oksidi ya titani, na chanzo chake kikuu ni ilmenaiti, madini meusi yenye chuma na titani. Jina limetoka kwenye Milima ya Ilmen, Urusi. Ilmenaiti huzaliwa katika miamba iliyoganda kutoka uji wa moto ardhini. Mvua huimomonyoa miamba, mito hubeba chembe, mawimbi huzipepeta: nyepesi huchukuliwa, nzito, kama ilmenaiti, hubaki. Huko Kwale, Kenya, ilmenaiti ilichimbwa kwenye vilima vya mchanga wa kale hadi 2024. Huko Moma, Msumbiji, kusini ya Mto Ruvuma, inachimbwa tangu 2007. Tuandike ilmenaiti, kwani jina "mchanga mweusi" huchanganya madini mengi, magnetaiti ikiwemo.