Wiiiii! Historia ya Kelele Inayowatesa Wenye Mziki kwenye Pikapu

Kuna jamaa mmoja wa Mbagala, jina lake libaki kwake, ana Hilux ya dizeli ya miaka ya 90 iliyokuja kutoka Japani. Kazi yake ni matangazo. Duka jipya likifunguliwa, anaitwa. Vigodoro, mikutano, promosheni ya sabuni, yote anaitwa. Sasa akaamua kuupandisha mzigo hadhi: deki mpya, amplifaya ya maana, sabufa mbili na spika za honi, vyote vimefungwa kwenye bodi ya nyuma.

Injini ikiwa imezimwa, mdundo ulikuwa safi mpaka majirani wakatoka nje. Akawasha gari. Wiiiii. Akakanyaga mafuta, ile wiiiii ikapanda kama mbu aliyeingia sikioni. Akaachia, ikashuka. Mteja aliyelipa atangaziwe duka lake anasikia mbu kwanza, jina la duka baadaye. Kwa mtu anayekula kupitia sauti ya gari yake, hiyo si kero ndogo. Ni kazi inayeyuka.

Fundi wa kwanza akasema deki ni feki, badilisha. Akabadilisha. Wa pili akasema spika. Akabadilisha. Wa tatu, huyu ndiye kiboko, akasema tatizo ni plagi zinarusha cheche. Wadau, injini ya dizeli haina plagi za cheche. Zile zake ni za kupasha joto tu wakati wa kuwasha. Ila ukimsema sana huyo fundi wa tatu utamuonea, maana alichosema kilikuwa kweli kabisa. Alichelewa tu kama miaka tisini hivi.

Turudi nyuma. Kabla redio haijawa kitu cha kupiga mziki, ilikuwa mtambo wa cheche. Meli ya Titanic ilipokuwa inazama mwaka 1912 iliomba msaada kwa mtambo wa namna hiyo: umeme unaruka kwenye nafasi ndogo, tai, na ile cheche inarusha mawimbi hewani. Sasa fungua boneti ya gari ya petroli uangalie plagi. Ni kitu kilekile. Umeme unaruka kwenye nafasi ndogo, maelfu ya mara kwa dakika. Kila gari ya petroli ni kituo cha redio ambacho hakikuomba leseni, na kipindi chake ni kimoja tu: tra-tra-tra-tra.

Ndiyo maana watu waliojaribu kuweka redio kwenye gari miaka ya 1920 waliteseka. Redio za wakati huo zilitumia valvu, vile vichupa vya kioo vinavyowaka kwa ndani, na valvu zinataka volti nyingi kuliko betri ya gari ya wakati ule, ambayo kwa kawaida ilikuwa volti 6. Kwa hiyo mwenye gari alibeba betri za ziada chini ya sakafu. Antena inatandazwa kwenye paa, dashibodi inatobolewa, halafu baada ya kazi yote hiyo unawasha injini na redio inaanza kukaanga chapati.

Mwaka 1930, kampuni ndogo ya Chicago chini ya Paul Galvin na mdogo wake ikatoka na redio ya gari iliyofanya kazi na ambayo watu waliweza kuinunua. Galvin aliifunga kwenye gari yake, akaendesha mpaka Atlantic City kulikokuwa na mkutano wa watengeneza redio, akapaki nje na kufungulia sauti. Mbinu ileile ya jamaa wa Mbagala. Redio ikauzwa kama dola 120, wakati Ford mpya ya kawaida ilikuwa chini ya dola 600. Jina walilolipa bidhaa hiyo ni Motorola. Ndiyo, hiyohiyo unayoijua kwa simu.

Lakini Galvin hakufunga zile redio gari moja baada ya nyingine. Waliofunga ni vijana wa gereji ambao hamna anayewakumbuka, na wao ndio waliojua kelele inakaa wapi. Waliweka rezista kwenye kila plagi ili cheche isirushe mawimbi mbali. Waliweka kapasita kwenye jenereta ya gari. Walifunga boneti na bodi pamoja kwa mkanda wa shaba, kwa sababu boneti iliyokaa peke yake juu ya raba ilikuwa antena tosha. Wanazima kimoja, wanasikiliza. Wanaongeza kingine, wanasikiliza. Mpaka leo waya wa plagi wa gari ya petroli una ukinzani ndani yake kwa sababu ya kazi ile.

Basi hiyo kelele ya kwanza ikaisha. Ikaja ya pili, na hii ilikuja kwa sababu ya maendeleo.

Magari ya zamani yalichaji betri kwa dainamo. Mwaka 1960 Chrysler ikaanza kuweka alteneta kwenye Valiant, na wengine wakafuata. Alteneta ni nzuri, inachaji hata gari ikiwa imesimama kwenye foleni. Ila ndani inatengeneza umeme unaokwenda na kurudi, kisha dayodi zinaunyoosha uwe wa kwenda upande mmoja. Zinaunyoosha, lakini haunyooki kama rula. Unabaki na mawimbi madogo juu yake, na mawimbi hayo yanaongezeka kasi kadiri injini inavyozunguka. Yakiingia kwenye amplifaya, ndiyo wiiiii. Ndiyo mbu wa Mbagala. Cha kuchekesha, mmoja wa vijana waliohangaika na redio za kwanza za Motorola ndiye baadaye alikuja kuwa mstari wa mbele kuisukuma alteneta ya magari hapohapo kwenye kampuni. Aliua kelele moja, akasaidia kumleta mrithi wake.

Huku kwetu kulikuwa na sarakasi nyingine. Land Rover za miaka ya 50 na mwanzo wa 60, zile zilizokanyaga kila kijiji cha Tanganyika, zilifungwa kinyume na gari za leo: chanya ya betri ndiyo iliyoshikwa kwenye bodi. Redio ya transista iliyotengenezwa kwa gari ya hasi kwenye bodi ukiifunga humo bila kujua, umeiua kabla haijaimba. Transista ziliingia kwenye redio za magari mwaka 1955 huko Marekani, na hazina uvumilivu wa valvu. Fundi wa wakati ule aliyekuwa hajui kutofautisha chanya na hasi alijifunza kwa hela za mteja.

Halafu ikaja miaka ya 90. Sheria ya Utangazaji ya 1993 ikafungua mlango kwa redio za binafsi Tanzania, na karibu kipindi hichohicho magari ya mtumba kutoka Japani yakaanza kumiminika. Vitu viwili vitamu vikakutana vikagombana. Japani FM yao ilikuwa megahezi 76 mpaka 90, kwa sababu kuanzia 90 mpaka 108 walikuwa wameipa televisheni. Huku kwetu FM ni 87.5 mpaka 108. Ndiyo maana gari ya Japani ukiwa Dar inashika Wasafi ya 88.9 lakini EFM ya 93.7 huioni hata kwa darubini. Japani walizima televisheni ya zamani kuanzia Julai 2011 na baadaye wakasogeza FM yao mpaka 95, lakini gari zilizokwishatengenezwa ndiyo hizo tunazo.

Mafundi wakaleta ekspanda, kile kisanduku kinachokaa kati ya antena na redio na kuzishusha stesheni za juu zionekane kwenye namba za chini. Wengine wakang'oa deki kabisa na kuweka ya Dubai. Na hapo ndipo wiiiii ilipopata makazi ya kudumu. Deki ya kiwandani ilikuja na soketi yake, kila waya mahali pake. Deki mpya inafungwa kwa kukata na kusokota, tepu nyeusi juu, twende. Kisha amplifaya inawekwa nyuma, waya mwekundu unatoka kwenye betri, waya wa sauti unatoka kwenye deki, na waya wa tatu, ule mweusi wa athi, unafungwa popote penye chuma.

Popote penye chuma. Hapo ndipo penye kesi.

Umeme unaokwenda kwenye amplifaya lazima urudi kwenye betri. Kwenye gari ndogo bodi ni kipande kimoja kilichochomelewa, kwa hiyo njia ya kurudi ipo. Pikapu si kipande kimoja. Kabini imekaa peke yake juu ya chasisi, tena kwenye mipira. Bodi ya nyuma nayo ni kitu chake, imeshikwa na bolti, ina rangi, ina kutu, imebeba mchanga na mbuzi. Ukifunga athi ya deki kwenye kabini na athi ya amplifaya kwenye bodi ya nyuma, umeweka athi mbili zisizoelewana. Umeme unaoshindwa kupita kwenye bolti yenye kutu unatafuta njia ya mkato, na njia ya mkato ni ule waya wa sauti, wenye vichwa vyekundu na vyeupe. Unarudi na mbu wake wote.

Na hasara si kelele tu. Chukulia amplifaya inavuta ampea 40 na kile kiungo kibovu kina ukinzani wa 0.05 tu. Volti 2 zinapotea hapo. Alteneta inatoa 14, amplifaya inaona 12. Besi ikipiga taa zinafifia. Na zile volti 2 kwa ampea 40 ni wati 80 za joto kwenye bolti moja. Hiyo ni pasi ndogo, imefungwa chini ya bodi, jirani na waya zenye plastiki.

Jamaa wa Mbagala alipelekwa kwa fundi wa nne na dereva mwenzake. Mzee wa Keko, anatengeneza redio tangu enzi za kaseti. Hakushika bisibisi kwanza. Akasema, "Mwanangu, washa gari." Ikaimba wiiiii. Akapunguza sauti ya deki mpaka sifuri. Kelele ikabaki vilevile. Maana yake kelele inaingia baada ya kitufe cha sauti, siyo kwenye redio yenyewe. Akachomoa waya za sauti kwenye amplifaya. Kimya. Basi amplifaya ni nzima na spika ni nzima, mchawi anapita kwenye ule waya.

Akazirudisha, akatoa mita. Ncha moja kwenye hasi ya amplifaya, nyingine, kwa waya mrefu, kwenye hasi ya betri, mziki ukipiga. Hapo mita inatakiwa isome karibu na sifuri. Ilisoma karibu volti 2.

"Hela zako umezila wewe na mafundi wenzangu," mzee akasema, bila kucheka.

Alifuata waya mweusi kwa mkono mpaka kwenye skrubu ndogo iliyopigwa juu ya rangi ya bodi ya nyuma. Akaenda chini kwenye bolti ya karibu inayoshika bodi na chasisi, akaigusa, akatoa kidole haraka. Ilikuwa ya moto.

Na wakati anafuata waya mwekundu akakuta jambo la pili ambalo hamna aliyekuwa amelilalamikia, kwa sababu lenyewe halipigi kelele: waya umetoka kwenye betri mpaka nyuma bila fyuzi hata moja, umepita kwenye tundu la chuma ambalo limeshaanza kuula ule mpira. Plastiki ilikuwa imebaki nyembamba kama ganda la kitunguu. Chuma kingegusa shaba pale, betri nzima ingemwagika kwenye hiyo waya, na jamaa angepata tangazo la bure mjini. Hapo mzee alimwita mwenye gari aje aangalie mwenyewe, na jamaa alikaa chini kwenye tairi kwa muda.

Kazi ilichukua mchana mmoja. Waya mweusi mnene sawasawa na mwekundu, ukapelekwa mpaka kwenye hasi ya betri, na athi ya deki ikaletwa hapohapo. Waya wa hasi kutoka betri mpaka chasisi ukabadilishwa, na mahali pa bolti pakapigwa msasa mpaka chuma cheupe, kisha grisi juu. Fyuzi ikawekwa jirani na betri, siyo kule nyuma kwenye amplifaya ambako haimlindi mtu. Pale kwenye tundu likaingia bomba la mpira. Waya za sauti zikahamishwa zikapita upande wa pili wa gari, mbali na ule mwekundu.

Akawasha. Akakanyaga mafuta mpaka moshi ukatoka. Kimya.

Malipo yalikuwa chini ya bei ya ile deki moja aliyobadilisha kwa bure. Hiyo deki iliyosingiziwa aliiuza kwa hasara, na sasa imo kwenye gari ya jamaa mwingine Temeke. Inapiga vizuri tu, tena bila wiiiii.