Utambuzi wa usonji ukubwani

Utambuzi wa usonji ukubwani ni hali ya mtu kuthibitishwa na wataalamu kwa mara ya kwanza kwamba ana usonji akiwa tayari mtu mzima. Usonji wenyewe hauanzi ukubwani. Ni tofauti katika ukuaji wa ubongo inayokuwepo tangu utotoni, nayo huathiri mawasiliano, uhusiano na watu, mazoea, na jinsi mtu anavyohisi sauti, mwanga au mguso.

Sababu za kuchelewa

Mwaka 1943 daktari Leo Kanner wa Marekani alieleza usonji kutokana na watoto 11. Kwa miaka mingi ulihesabiwa kuwa tatizo la watoto tu. Mwaka 1981 daktari Lorna Wing wa Uingereza alisaidia kuonyesha kwamba hata watu wanaozungumza vizuri wanaweza kuwa nao. Hivyo wengi waliokua kabla ya hapo hawakutambuliwa.

Wengine, hasa wanawake, hujifunza kuficha dalili kwa kuiga wenzao, kwa mfano kujilazimisha kumtazama mtu machoni. Juhudi hizo huchosha, na mara nyingine mtu hutibiwa sonona au wasiwasi bila usonji kugunduliwa. Baadhi ya wazazi huanza kujichunguza baada ya mtoto wao kutambuliwa.

Namna ya kutambua

Hakuna kipimo cha damu kinachoonyesha usonji. Mtaalamu huchunguza historia ya maisha, hutazama mawasiliano ya mhusika na, ikiwezekana, huwahoji wazazi au ndugu waliomjua utotoni. Hojaji peke yake haitoshi. Mwongozo wa Marekani uitwao DSM-5 (2013) unataka dalili ziwe zilianza mapema, lakini unakubali kwamba huenda zisionekane wazi mpaka madai ya maisha yazidi uwezo wa mtu.

Matokeo

Usonji hauna dawa ya kuuondoa, lakini utambuzi humwezesha mtu kujielewa, kupata matibabu yanayomfaa na kuomba marekebisho kazini. Mwimbaji Susan Boyle wa Uskoti aliambiwa utotoni kwamba ubongo wake ulidhurika. Mwaka 2013, akiwa na umri wa miaka 52, alitangaza kwamba amekutwa na sindromu ya Asperger, ambayo siku hizi huhesabiwa kuwa sehemu ya usonji. Alisema kupata jibu hilo kulimpa nafuu.