TENDE YA LEO NA MTENDE WA KESHO: Historia ya kumsomesha mnyonge, na somo lake kwetu Thika



Sifa zote njema ni za Allah (S.W.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake na maswahaba zake wote. Ama baada ya hayo.

Ndugu msomaji, kila Ramadhan ikiingia misikiti yetu ya Thika na Ruiru hujaa kheri. Tende zinaletwa kwa katoni, unga na mchele unagawiwa, na hata mpita njia anakaribishwa futari. Alhamdulillah. Lakini Idd ikishapita na shule zikafunguliwa, yule yatima aliyefuturu nasi anarudishwa nyumbani kwa kukosa karo, na hapo hatumuoni tena mwenye katoni. Kwa hivyo mwaka huu nimeona tuulizane swali moja kwa njia ya historia: waliowasomesha wanyonge walifanya vipi hata kazi yao ikadumu?

WATU WA SUFFA

Tuanzie Madina. Katika msikiti wa Mtume (S.A.W.) kulikuwa na sehemu yenye kivuli ikiitwa Suffa. Walikaa hapo masikini waliohamia Madina bila nyumba wala jamaa wa kuwapokea. Hapo walilala, hapo walisoma. Mtume (S.A.W.) akiletewa sadaka aliwapelekea, na akiletewa zawadi alikula pamoja nao. Ansari nao wakileta mikungu ya tende kutoka mashambani mwao na kuitundika msikitini wapate kula.

Mmoja wa watu hao wa Suffa ni Abu Hurayra (R.A.), ambaye baadaye akawa ndiye aliyepokea hadithi nyingi kuliko maswahaba wote. Hebu fikiria, ndugu yangu: tende zile zingekosekana, yeye angelazimika kwenda kutafuta kibarua sokoni, na sisi leo tungekosa elimu kiasi gani?

Lakini tende huliwa zikaisha. Ndipo tunapata funzo la pili, la Sayyidna Umar (R.A.). Alipopata shamba zuri kule Khaybar alimuuliza Mtume (S.A.W.) alifanyie nini. Akashauriwa alizuie shina lake na atoe sadaka mazao yake. Basi shamba lile likawa haliuzwi, halitolewi zawadi, halirithiwi, na mavuno yake yanakwenda kwa wahitaji. Huo ndio wakfu. Sadaka ya kawaida ni tende ya leo. Wakfu ni mtende wenyewe.

WALIOTUTANGULIA

Tukirudi kwetu, Thika ni mji uliokuzwa na jasho. Reli kutoka Nairobi ilifika hapa mwaka 1913, kisha yakaja mashamba makubwa na viwanda, na watu wakamiminika kutoka kila pembe ya Kenya kutafuta kazi. Mtoto wa kibarua wa Kiandutu au Makongeni amekulia karibu na mananasi yanayosafirishwa hadi Ulaya, na bado kununua sare ya shule ni mtihani kwa mzazi wake.

Tuseme kweli hata kama ni chungu. Katika mji huu huu, Jeshi la Wokovu walianza kuwahudumia na kuwafundisha vipofu mwaka 1946. Wakristo hao walimwona mtoto ambaye wengi walimwona ni wa kuombaomba tu, wakamwekea kitabu mbele yake. Sisi Waislamu tulikuwa wapi?

Haki nayo isemwe: hatukulala wote. Mwaka 1964 vijana wa Nairobi walianzisha chama cha Young Muslim Association, na mwishoni mwa miaka ya 1960 wakafungua makao ya watoto Garissa, wakati ambapo vita vya Shifta vilikuwa vimeziacha familia nyingi za kaskazini bila mifugo na bila tegemeo. Watoto wakapata mahali pa kulala, chakula, na shule. Ninawataja kwa sababu walikuwa vijana kama mimi na wewe. Hawakungoja wawe mawaziri kwanza.

DAKTARI WA KUWAIT NA CHUO CHA THIKA

Sasa tumtazame mtu ambaye kazi yake ilifika mpaka Thika: Dkt. Abdulrahman Al-Sumait, aliyezaliwa Kuwait mwaka 1947. Akiwa bado mwanafunzi wa sekondari aliwaona vibarua wakisubiri usafiri katika jua kali. Yeye na wenzake wakachanga pesa, wakanunua gari kuukuu, na wakawa wanawabeba vibarua wale bure. Alipokuwa akisomea udaktari kule Canada, alikusanya dola moja moja kwa wanafunzi wenzake Waislamu ili kuchapisha vijitabu vya dini na kuvituma Afrika na Asia. Dola moja tu! Lakini kila mwezi, bila kukatika.

Mama mmoja wa Kuwait alipompa pesa akajenge msikiti nje ya nchi, alikwenda Malawi. Huko aliona kwamba watu wanahitaji msikiti, ndiyo, lakini wanahitaji pia visima, zahanati na shule. Mwaka 1981 akaanzisha shirika lililokuja kujulikana kama Africa Muslims Agency, na tangu 1999 Direct Aid. Aliiacha raha ya hospitali za Kuwait, akatumia sehemu kubwa ya umri wake vijijini Afrika.

Mwaka 1998 shirika hilo lilifungua chuo cha Sharia na masomo ya Kiislamu hapa Thika. Mwaka huo huo likafungua chuo cha elimu Chukwani, Unguja, ambacho siku hizi kinaitwa kwa jina lake. Umuhimu wa chuo cha Thika ataujua aliyesoma madrasa. Kwa miaka mingi kijana aliyemaliza masomo ya Kiarabu, asiyekuwa na cheti cha shule ya upili cha kumwezesha kuingia chuo kikuu cha serikali, alikuwa na njia nyembamba: atafute nafasi Madina, Khartoum au Cairo, ama kuanzia 1988 avuke mpaka hadi chuo kikuu cha Kiislamu cha Mbale, Uganda. Asiyepata, elimu yake iliishia kibarazani. Thika ikawa mlango ndani ya nyumba yetu wenyewe. Mwaka 2013 mbegu hiyo ilipata idhini ya muda ya kuwa chuo kikuu, ndicho Umma University, chenye makao yake Kajiado. Mwaka huo huo, tarehe 15 Agosti, Dkt. Al-Sumait akafariki. Allah amrehemu.

DHORUBA YA 1998

Mwaka huo wa 1998 ulikuwa mgumu pia. Tarehe 7 Agosti ubalozi wa Marekani Nairobi ulilipuliwa kwa bomu na watu zaidi ya 200 wakauawa, wengi wao Wakenya wasio na hatia, na Waislamu wakiwemo. Mwezi uliofuata serikali ilitangaza kufuta usajili wa baadhi ya mashirika ya misaada ya Kiislamu. Waislamu walilalamika sana. Mimi sitaki kuifungua kesi ile upya. Swali langu ni la yule mtoto. Ofisi ya mfadhili ikifungwa, iwe kwa haki au kwa dhulma, nani analipa karo ya muhula ujao?

Dkt. Al-Sumait alikuwa na jibu lake. Mwaka 1996 alipotunukiwa Tuzo ya Mfalme Faisal, riyali 750,000, hakuzitia mfukoni wala hakuzigawa zikaisha. Alizifanya mtaji wa wakfu wa kusomesha watoto wa Afrika. Alipanda mtende.

NA SISI JE?

Nilikuwa na mwenzangu madrasa, hafidh wa juzuu nyingi kuliko mimi, na tajwidi yake ilikuwa inamfanya ustadh anyamaze kusikiliza. Barua ya kidato cha kwanza ilipokuja, orodha ilikuwa ndefu: karo, godoro, sanduku, sare. Ijumaa moja msikiti ulimchangia, akaenda kwa furaha. Muhula wa pili hakuna aliyekumbuka. Leo anasukuma mkokoteni wa mananasi, na mimi niko chuo kikuu. Wallahi, hakunizidi kwa uvivu wala sikumzidi kwa akili. Yeye alipata tende tu.

Ndugu zangu, zaka ina watu wake na futari ina thawabu zake, tusipunguze hata punje. Ninachoomba ni tuongeze. Tukianza vijana hamsini, kila mmoja shilingi 50 kwa wiki, kwa mwaka ni shilingi 130,000. Tusizigawe. Miaka michache tunaweza kuwa na chumba cha kupangisha Ruiru, kiandikwe wakfu mbele ya wakili na kwa ushauri wa Kadhi, hesabu zisomwe msikitini kila baada ya miezi mitatu, na kodi yake imsomeshe mtoto mmoja hadi amalize shule ya sekondari. Mmoja tu kwanza, lakini amalize. Akimaliza, aingie mwingine.

Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba mtu akifa amali zake hukatika isipokuwa tatu, na miongoni mwazo ni sadaka yenye kuendelea. Wazee wana mali. Sisi tuna miaka mbele yetu, inshaallah, na mtende hutaka miaka.

Ya Allah, takabali saumu zetu, warehemu waliotutangulia katika kheri, na usitufanye wenye kuwalisha mayatima usiku wa futari kisha tukawasahau asubuhi ya shule. Amin.

Wabillahi tawfiq.