Kyavinyonge: kriki gani inafaa kwa trisikeli iliyo chini?

Kyavinyonge, kwenye ufuko wa Ziwa Edward katika mtaa wa Beni, ni kijiji kinachoishi kwa samaki. Samaki hao wanapandishwa kuelekea Kyondo na Butembo kwa gari, kwa moto, na pia kwa moto ya magurudumu matatu, ile watu wanaita trisikeli. Ziwa liko kwenye mita 900 na kidogo juu ya usawa wa bahari, Butembo inapita mita 1,700. Safari ni ya kupanda, jua ni kali, na samaki hawangoji. Mpira ukitoboka njiani, kitu cha kwanza kinachotafutwa ni kriki, ambayo wengine wanaita jeki. Mara nyingi kriki iko, lakini haiingii chini ya trisikeli.

Si tani, ni urefu

Wengi wakifika dukani wanauliza kriki inabeba tani ngapi. Kwa trisikeli, hiyo si shida kubwa. Ikiwa tupu ina uzito wa kilo mia chache tu, na wakati wa kubadilisha mpira mmoja, kriki inabeba sehemu tu ya uzito wote. Kriki ya tani 2 iliyo nzima inatosha. Ile ya tani 10 inayoazimwa kwa watu wa malori ina nguvu, lakini mwili wake ni mrefu: hata ikishushwa kabisa, mara nyingi inafika sentimita 20 au zaidi.

Kinachodanganya ni kupima wakati mpira una upepo. Chukua mfano: nafasi kati ya udongo na kile chuma kinachounga magurudumu mawili ya nyuma ni sentimita 24. Upepo ukiisha, chuma kinashuka, nafasi inabaki 15 au 16. Kriki ya sentimita 18 iliyoingia vizuri nyumbani itakataa njiani.

Njia rahisi ni fimbo yenye alama mbili. Mwenye trisikeli atoe upepo wote kwenye mpira mmoja wa nyuma, asimamishe fimbo chini ya chuma kile, aweke alama ya kwanza. Kisha ajaze upepo, aweke alama ya pili. Aende dukani na fimbo hiyo. Kriki ikiwa imeshuka lazima iwe fupi kuliko alama ya kwanza. Ikipanda, lazima ipite alama ya pili kwa sentimita chache, kwa sababu mpira mzima wenye upepo unahitaji nafasi kubwa kuliko ule uliotoboka. Na kwa kuwa kwenye mchanga wa ufukoni kriki lazima ikae juu ya ubao, unene wa ubao uhesabiwe pamoja na kriki.

Aina tatu

Kriki ya chupa, ile ya mafuta, inainua bila kuchosha mkono. Ya tani 2 mara nyingi ina sentimita 15 hadi 18 ikiwa chini. Kwa trisikeli fulani inapita, kwa nyingine haipiti.

Kriki ya mkasi, ile ya kuzungusha, inashuka zaidi. Nyingi ziko karibu na sentimita 10. Haina mafuta ya kuvuja na ni nyepesi kubeba. Ubaya wake, ni nzito kuzungusha ikiwa chini kabisa, na kitako chake ni chembamba, kwa hiyo inaomba ubao mpana. Kwa trisikeli iliyo chini, mara nyingi hii ndiyo inafaa kusafiri nayo.

Kriki ya magurudumu ni nzuri kwa garaji yenye sima. Njiani ni mzigo, na kwenye mchanga inazama.

Kuinua bila kuumia

Abiria washuke na mzigo upunguzwe. Gurudumu moja likiinuliwa, yanabaki mawili tu chini, na lile la mbele linageuka kirahisi. Kwa hiyo mawe yawekwe mbele na nyuma ya magurudumu hayo mawili. Breki ya mkono peke yake haitoshi, zaidi sana kwenye mteremko. Bolti zilegezwe kidogo kabla ya kuinua.

Kriki iwekwe chini ya chuma cha nyuma, karibu na springi za upande uliotoboka. Isiwekwe chini ya tumbo la difu, wala chini ya bati, wala juu ya bomba la breki. Ikiwekwa kwenye shasi, springi zitanyooka kwanza kabla gurudumu halijaondoka chini, na kriki fupi itaishia njiani.

Ikishapanda, gogo au gurudumu la akiba liingizwe chini ya shasi. Kriki ni ya kuinua, si ya kushikilia. Mtu asiingize kichwa wala mkono chini ya chombo kinachoshikiliwa na kriki peke yake.

Kriki ikikataa kuingia, trisikeli isukumwe polepole mpaka mpira uliotoboka upande juu ya ubao mnene au jiwe pana. Sentimita tano zinatosha kuifungulia kriki nafasi. Kwenye udongo mgumu, mtu anaweza pia kuchimba kidogo pale kriki itakaa. Kwenye mchanga asijaribu, kwa maana shimo linabomoka.

Kutunza

Mchanga wa ziwa unakula meno ya kriki ya mkasi: ipanguswe, ipakwe grisi. Ya chupa ibebwe ikiwa imesimama, na iongezwe mafuta ya hidroliki tu. Mafuta ya breki yanaharibu mipira yake ya ndani.

Kabla ya safari ya kwanza, kriki mpya ijaribiwe nyumbani, mpira ukiwa hauna upepo. Ikikataa hapo, bado kuna nafasi ya kuirudisha dukani.