Ithibati si usajili

Maabara binafsi ya Kariakoo husajiliwa na Bodi ya Maabara Binafsi za Afya. Usajili huo ni ruhusa ya kufanya kazi. Ithibati, neno la ukoo mmoja na thabiti, hujibu swali jingine: je, majibu ya maabara hiyo yanaaminika? Taasisi ya ithibati ya SADCAS, yenye makao Gaborone, hukagua maabara kwa kigezo cha ISO 15189. Kigezo hicho huitaka maabara ipokee sampuli kutoka nje bila kujua majibu yake, izipime kama za mgonjwa yeyote, kisha majibu yalinganishwe na ya maabara nyingine. Tena ithibati hutaja vipimo vyake: ya malaria haifuniki ya sukari. Kwa hiyo msomaji, ukionyeshwa cheti, uliza: kipimo changu kimo?